Mama wa COBOL si mmoja, na marehemu bado anapiga hesabu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tusahihishe makala ya ukurasa wa teknolojia iliyozungumzia lugha ya programu iitwayo COBOL. Makala ilisema mambo matatu: kwamba lugha hiyo ilibuniwa na Grace Hopper, mwanaprogramu wa Marekani, kwamba ilikufa zamani, na kwamba taasisi ambayo bado inayo itafute programu ya kuitafsiri, iiwashe usiku, na asubuhi iamkie mfumo mpya. La kwanza ni kosa la historia, halimuumizi mtu. La pili linavumilika. La tatu likifuatwa litapoteza fedha za watu, tena kimyakimya, bila kompyuta kulalamika hata mara moja. Hilo ndilo lililotushikisha kalamu.

Tuanze na uzazi, kwa sababu ukijua nani aliizaa na kwa shida gani, hayo mengine yanaeleweka upesi.

Mwaka 1959 kila kiwanda cha kompyuta Marekani kilikuwa na lugha yake. Aliyeandika programu ya mishahara kwenye mashine ya UNIVAC, siku akinunua ya IBM, alianza upya tangu mstari wa kwanza. Aliyeshika bango la kutaka lugha moja ya kazi za biashara alikuwa Mary Hawes, mwanaprogramu wa kampuni ya Burroughs. Aprili 8, 1959, watu wachache walikutana Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Hopper akiwa mmoja wao, wakakubaliana kupeleka ombi Wizara ya Ulinzi. Vita haikuhusika hapo. Walikwenda huko kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa mteja mkubwa: wizara ilikuwa na kompyuta 225 zinazofanya kazi, nyingine 175 zimeagizwa, na ilikuwa imekwishatumia zaidi ya Dola milioni 200 kwa kuandikisha programu tu. Charles Phillips wa wizara hiyo akaitisha mkutano Pentagon, makao makuu ya wizara, Mei 28 na 29. Walifika watu wapatao 40.

Mkutano uligawa kazi kwa kamati. Kamati ya Muda Mfupi ilitakiwa, ndani ya miezi michache, kutazama lugha zilizokuwapo na kuunganisha mazuri yake yapate kutumika kwa muda, huku Kamati ya Muda Mrefu ikisubiriwa kubuni lugha yenyewe hasa. Hiyo ya Muda Mrefu haikuundwa kamwe. Kibanda cha kujikinga na mvua ndicho kilichogeuka nyumba, na wapo wanaokaa humo mpaka leo.

Kamati ya Muda Mfupi iliongozwa na Joseph Wegstein wa ofisi ya viwango ya serikali. Ilikuwa na wajumbe kutoka viwanda sita, yaani Burroughs, IBM, Honeywell, RCA, Sperry Rand na Sylvania, pamoja na taasisi tatu za serikali. Kazi ya kuandika kanuni zenyewe waliachiwa watu sita, miongoni mwao Jean Sammet wa Sylvania na Gertrude Tierney wa IBM. Betty Holberton, mmoja wa wanawake sita walioprogramu ENIAC, kompyuta ya awali ya kielektroniki, naye alikuwamo katika kamati hiyo kwa niaba ya jeshi la majini. Jina COBOL lilipitishwa Septemba 1959, baada ya kukataliwa mengine kama BUSY na COCOSYL. Tunashukuru kwa hilo. Kitabu cha kanuni kilichapwa na serikali ya Marekani mwaka 1960.

Hopper yuko wapi hapo? Hakuwa mjumbe wa kamati iliyoiandika. Alikuwa mshauri wa ngazi ya juu, na lugha yake ya FLOW-MATIC, aliyoitengeneza Remington Rand katikati ya miaka ya 1950, ndiyo iliyochotwa zaidi kuliko nyingine zote. COMTRAN ya Bob Bemer wa IBM ilichotwa pia, ingawa kidogo. Sammet, ambaye alikuwapo chumbani, alikanusha waziwazi kwamba Hopper ndiye mwanzilishi wa COBOL. Kwa lugha ya ukoo, cheo chake ni bibi. Na bibi si cheo kidogo. Mama wapo kadhaa, na kuna baba kadhaa pia, na wote walikuwa na waajiri wanaoshindana sokoni.

Tusiache kisa kimoja cha bibi huyo, maana kinawagusa wasemaji wa Kiswahili. Hopper alitaka kuwaonyesha wakubwa wake kwamba kompyuta inaweza kupokea maneno badala ya alama za hisabati. Akaandaa programu ndogo yenye amri za Kiingereza, kisha akaonyesha ileile kwa amri za Kifaransa na za Kijerumani. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakubwa walishtuka: iweje kompyuta iliyotengenezwa Pennsylvania ielewe Kifaransa? Hawakutambua kwamba kwa mashine hakuna Kiingereza wala Kifaransa, bali kuna mfuatano wa herufi unaolinganishwa na orodha. Neno ADD lingeweza kuwa JUMLISHA tangu siku ile, na kompaila, yaani programu inayogeuza amri kuwa lugha ya mashine, isingejali. Kilicholazimisha Kiingereza ni waliokaa mezani. Hata hivyo majina ya vitu vinavyohesabiwa yameachwa kwa mwandishi, kwa hiyo mstari huu ni COBOL halali:

ADD MALIPO TO SALIO.

Marehemu naye alitabiriwa kifo kabla hajatambaa. Howard Bromberg wa RCA, mmoja wa wale sita, alichoshwa na mabishano na ucheleweshaji, akaenda akanunua jiwe la kaburi lililochongwa neno COBOL, akalipeleka kwa Phillips Pentagon. Jiwe hilo lipo mpaka leo katika Makumbusho ya Historia ya Kompyuta, California. Na mnamo Desemba 6 na 7, 1960, programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine mbili za viwanda vinavyoshindana, RCA 501 na UNIVAC II, ikihitaji mabadiliko madogo tu. Leo jambo hilo ni la kawaida. Wakati ule lilikuwa sawa na kung'oa injini ya lori la kampuni moja ukaifunga kwenye lori la kampuni nyingine, likawaka. Baadaye serikali ya Marekani ikatamka kwamba hainunui wala haikodi kompyuta isiyo na COBOL, isipokuwa mwenye kiwanda athibitishe kuwa haina faida kwa kazi husika. Mjadala wa lugha ipi itatawala uliishia hapo. Viwango vikafuata: 1968, 1974, 1985, 2002, 2014, na cha karibuni 2023. Mfu hapewi kiwango kipya kila baada ya miaka kadhaa.

Sasa tuingie ndani, kwenye sehemu ambayo makala yenu iliiita maneno mengi yasiyo na kazi.

Programu ya COBOL ina vitengo vinne, na kile cha tatu, kitengo cha data, ndicho moyo. Kabla hujahesabu chochote unalazimika kutamka kila kitu kina umbo gani, tarakimu kwa tarakimu. Hii ni rekodi ya mfanyakazi:

01  MFANYAKAZI.
    05  NAMBA-YAKE   PIC 9(6).
    05  JINA         PIC X(30).
    05  MSHAHARA     PIC S9(7)V99 COMP-3.
    05  HALI         PIC X.
        88  AMESTAAFU  VALUE "S".

PIC hutamka umbo: 9 ni tarakimu, X ni herufi yoyote, S ni alama. Namba ni tarakimu 6. Jina ni herufi 30. Mshahara una alama ya kuongeza au kupunguza, tarakimu 7 za shilingi na 2 za senti. Herufi V ni nukta ya kudhaniwa: inaonyesha senti zinaanzia wapi lakini haichukui nafasi yoyote kwenye faili. Ule mstari wa 88 unampa mwandishi ruhusa ya kusema IF AMESTAAFU badala ya kukariri kwamba S maana yake ni mstaafu. Kwa upande wa kuchapa, PIC *,***,**9.99 hujaza nyota mbele ya kiasi kwenye hundi, mtu asipate nafasi ya kuongeza tarakimu kwa kalamu. Waliobuni lugha hii walikuwa wanawafikiria makarani na matapeli, na hilo linaonekana.

COMP-3 ndiyo tunayoomba wasomaji waishike vizuri. Tarakimu mbili hubanwa katika baiti moja (kipimo cha msingi cha nafasi katika kompyuta), kila moja nusu yake, na nusu ya mwisho huwekwa alama: C kwa kuongeza, D kwa kupunguza. Tarakimu 9 za mshahara na alama yake zinaenea katika baiti 5. Rekodi nzima basi ni 6 na 30 na 5 na 1, jumla baiti 42. Ukubwa wa faili lazima ugawanyike kwa 42 bila kubaki. Ukibaki, umeshika maelezo ya rekodi yasiyo ya faili hilo.

Kwa nini wasitumie tu namba za binari, za 0 na 1 tu, kama lugha nyingine? Kwa sababu senti 10, yaani 0.10, haiandikiki kikamilifu katika binari, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Mwanafunzi anayetumia lugha ya Python ajaribu kuanza na sifuri na kujumlisha 0.1 mara kumi. Atapata 0.9999999999999999, na akiuliza kama ni sawa na 1, ataambiwa si sawa. Kwenye hesabu ya kasi ya kombora haidhuru. Kwenye leja, upande wa kulia haulingani na wa kushoto, na mhasibu anakesha akitafuta wizi ambao haupo. COBOL huhesabu fedha kwa desimali, kama karani anavyohesabu kwenye karatasi, na 0.10 ni 0.10.

Jambo hili haliwahusu wenye mashine kuukuu peke yao. Tanzania hatukurithi msitu mkubwa wa COBOL. Wizara ya Fedha ilianza kutumia kompyuta miaka ya 1960, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na wengi waliokuja baadaye walianza na lugha nyingine. Tulichokosa kurithi pamoja na COBOL ni tabia yake ya kuogopa senti. Mifumo mipya ya mauzo bado inaandikwa ikiweka fedha katika aina ya namba ambayo Java inaiita double na Python inaiita float. Dawa ipo na ni rahisi: Python ina Decimal, Java ina BigDecimal, na kanzidata zina aina ya DECIMAL(15,2). Kuna mtego mmoja. Ukimpa BigDecimal namba ya double yenye 0.1, atabeba kosa lilelile, ila sasa kwa tarakimu nyingi zaidi. Mpe maandishi, "0.10", ndani ya alama za nukuu. Au weka kila kitu kwa senti kama namba kamili, ugawe kwa 100 wakati wa kuchapa tu.

Hata ukiwa na desimali safi, swali la kukadiria linabaki. Chukua Kenya, ambako kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16. Bidhaa ya Sh 99.95 ina kodi ya 15.992, inayokadiriwa kuwa 15.99. Tatu kama hizo, ukikadiria kila moja, ni 47.97. Ukijumlisha kwanza, 299.85, kodi ni 47.976, yaani 47.98. Hakuna aliyekosea, lakini risiti na ripoti ya mwezi hazilingani. Katika COBOL mwandishi anatamka wapi neno ROUNDED linakaa. Asipoliandika, senti zinazozidi hukatwa, hazikadiriwi. Programu ya riba inayokata badala ya kukadiria hupunguza wastani wa karibu nusu senti kwa kila hesabu. Kwa akaunti milioni moja hizo ni Sh 5,000 kila inapoendeshwa. Si fedha ya kumfanya mtu tajiri, lakini ni ya kumfanya mkaguzi asilale.

Tusije tukaonekana tunaipamba. COBOL ina mabaya yake, na baadhi ni ya aibu.

Baya la kwanza ni la tarakimu za kushoto. Ukiwa na sehemu ya PIC S9(7)V99 na ukahamishia humo 12,345,678.50, hutapata onyo wakati wa kuendesha. Utapata 2,345,678.50. Ile milioni kumi imekatwa kama ncha ya kamba. Katika nchi ambayo thamani ya fedha inashuka, au mahali ambapo sehemu ya jumla ilinakiliwa kutoka sehemu ya mshahara mmoja, hii ni ajali inayosubiri tarehe. Kwenye amri za kuhesabu, ADD na COMPUTE, kinga yake ni ON SIZE ERROR, ambayo huliacha salio la zamani mahali pake na kukupa nafasi ya kupiga kelele. MOVE, amri ya kuhamisha, haina kinga hiyo. Sehemu ya kupokelea lazima iwe pana tangu mwanzo.

Baya la pili ni nukta. Kabla ya kiwango cha 1985 kuleta END-IF, nukta peke yake ndiyo iliyofunga sharti. Nukta moja iliyoteleza katikati ya IF huufanya mstari unaofuata utekelezwe kwa kila mtu, awe amestaafu au hajastaafu. Kompaila hainung'uniki, maana sentensi zote mbili ni halali. Anayesoma programu kuukuu atafute nukta kwanza, ndipo asome mantiki.

Baya la tatu limetoka kwenye kadi za matundu zenye safu 80. Safu ya 1 mpaka 6 ni namba ya mstari, ya 7 ni ya alama (nyota ikimaanisha maelezo tu), 8 mpaka 11 ni za vichwa, 12 mpaka 72 ni za amri, na 73 mpaka 80 zilikuwa za kuitambulisha programu. Kompaila haisomi kuanzia 73. Kwa hiyo anayeandika mstari mrefu kwenye skrini pana ya leo anaweza kuwa na nukta yake kwenye safu ya 73, anaiona kwa macho, na mashine haiioni. Anayetumia GnuCOBOL, ambayo ni ya bure, aongeze neno -free anapokompaili, yaani cobc -x -free mshahara.cob, na kanuni ya safu itaondoka.

Ubanaji huohuo wa kadi ndio uliozaa tatizo la mwaka 2000. Mwaka uliandikwa PIC 99, tarakimu mbili, kuokoa nafasi. Mwingi wa ukarabati ulikuwa wa dirisha: 00 mpaka 49 isomwe 2000 na kuendelea, 50 mpaka 99 isomwe 1950 na kuendelea. Ukiirithi programu yenye dirisha la namna hiyo, tafuta ukingo wake. Mkopo wa nyumba wa miaka 30 unaochukuliwa leo unavuka 2050, na programu itaona kwamba ulilipwa kabla mkopaji hajazaliwa.

Kwa hayo yote Edsger Dijkstra, bingwa wa sayansi ya kompyuta kutoka Uholanzi, aliandika mwaka 1975 kwamba kufundisha COBOL kuhesabiwe kuwa kosa la jinai. Alikuwa na haki ya kuchukizwa na nukta. Tunaona tu kwamba aliitazama kwa macho ya mtu wa hisabati, naye kila alipotazama aliona amri. Waliotumia lugha hii benki waliona rekodi.

Ndipo tufike kwenye ule ushauri wa kutafsiri usiku mmoja. Benki ya Commonwealth ya Australia ilipobadilisha mfumo wake mkuu, kazi ilichukua miaka 5 na zaidi ya Dola bilioni moja za nchi hiyo. Haikuwa kwa uvivu. Amri za COBOL zinatafsirika, na mashine za kutafsiri zipo. Faili ndizo zenye miiba.

Kompyuta kubwa za IBM hazitumii msimbo wa herufi wa ASCII tunaoujua, zinatumia EBCDIC. Katika EBCDIC nafasi tupu ni 40 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita (tarakimu 0 mpaka 9, kisha A mpaka F), katika ASCII ni 20. Nyota ni 5C kule, na 2A huku. Sasa chukua salio la Sh 12,405 lililobanwa kwa COMP-3 katika baiti 3: 12 40 5C. Fundi asiyejua analihamisha faili zima kama maandishi, na programu ya kuhamisha, kwa uaminifu wote, inabadilisha kila baiti kutoka msimbo mmoja hadi mwingine. 12 inabaki 12. 40 inadhaniwa ni nafasi tupu, inakuwa 20. 5C inadhaniwa ni nyota, inakuwa 2A. Matokeo ni 12 20 2A. Kwa bahati mbaya A nayo ni alama halali ya kuongeza. Salio linasomeka Sh 12,202. Sh 203 zimetoweka, hakuna kosa lililoripotiwa, na rekodi iliyo jirani yake huenda imetoka salama kabisa. Ukikagua rekodi kumi za mwanzo kwa macho unaweza usilione.

Wakati mwingine bahati inakuwa nzuri, nusu ya mwisho ya baiti inaangukia kwenye tarakimu isiyo alama, na programu inakufa palepale. Kwenye mashine za IBM kifo hicho kinaitwa S0C7, na kila aliyefanya kazi ya zamu ya usiku anakifahamu kama jina la jirani. Mara nyingi chanzo chake ni sehemu ya fedha iliyojazwa nafasi tupu, au programu mbili zinazotumia faili moja, moja imekompailiwa upya baada ya rekodi kuongezwa baiti, nyingine haikukompailiwa. Tunaipenda S0C7 kuliko ile Sh 12,202.

Anayelazimika kuhama, basi, alihamishe faili kama binari, bila kugeuzwa, kisha asome sehemu moja moja kwa kufuata maelezo ya rekodi: za X zigeuzwe msimbo, za COMP-3 zifunguliwe nusu kwa nusu. Kila nusu isiyo ya mwisho iwe 0 mpaka 9, na ya mwisho iwe C, D au F (F ni ya namba isiyo na alama). Kikija kingine, kazi isimame hapo. Achukue idadi ya rekodi na jumla ya kila sehemu ya fedha kabla na baada. Ajumlishe pia namba za akaunti zenyewe. Jumla hiyo haina maana yoyote ya kihasibu, lakini ikitofautiana anajua kuna akaunti iliyobadilika sura. Asisahau mpangilio: katika EBCDIC herufi hutangulia tarakimu, katika ASCII tarakimu hutangulia herufi. Programu inayolinganisha faili mbili zilizopangwa, ikikuta mpangilio umegeuka, itadhani nusu ya wateja hawapo.

Na kukadiria kupimwe peke yake. ROUNDED ya kawaida ya COBOL huipeleka 2.5 kwenye 3. round ya Python huipeleka kwenye 2, kwa sababu inapokuwa katikati huchagua namba shufwa. Wote wawili wanafuata kanuni inayotambulika, lakini riba mbili zitatofautiana siku ya kwanza.

Mifumo miwili iendeshwe sambamba, ikilishwa miamala ileile, kwa muda usiopungua mwisho wa mwezi, mwisho wa robo na mwisho wa mwaka mmoja wa hesabu, na Februari 29 iingizwe kwa majaribio kama haimo katika kipindi hicho. Tofauti ya senti moja isiandikiwe pembeni kwamba ni "makadirio" mpaka mtu aonyeshe kwa kidole mstari uliokadiria, katika programu ipi, na kwa kanuni ipi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Walimu wa programu na watunza mifumo ya hesabu,
Dar es Salaam